Barabara ya vumbi ibaki ya vumbi

Ukitaja Costa Brava, pwani ya kaskazini-mashariki mwa Hispania, waendesha baiskeli wengi watakuelekeza kwenye GI-682, barabara inayopita ukingoni mwa majabali kati ya Tossa de Mar na Sant Feliu de Guíxols. Uzuri wake sibishi. Kona zinafuatana, misonobari upande mmoja, bahari upande wa pili, chini kabisa. Ila mwezi wa Julai aliye juu ya baiskeli hana nafasi ya kuitazama hiyo bahari. Masikio yake yako nyuma, yanasikiliza pikipiki zinazokuja kwa makundi, na macho yake yako kwenye ukingo wa lami, kwa sababu magari makubwa ya watalii yanampita karibu mno. Nasema bila kumung'unya maneno: barabara hiyo waachieni wenye magari. Ipe bahari mgongo, ingia vilima vya Les Gavarres, shika njia za changarawe.

Les Gavarres ni vilima vinavyoutenganisha mji wa Girona na bahari. Hata kilele chao kirefu, Puig d'Arques, hakifiki mita 550, na aliyezoea milima ya Alps anaweza kuvidharau. Asividharau. Tambarare humo ni haba. Njia inashuka hadi kwenye kijito, inapinda, inapanda tena, na kilima cha dakika tano tu kinaweza kuwa kikali hadi ukamaliza giya zote. Ukitoka humo miguu inajua imefanya kazi, ingawa kwenye ramani umesogea kidogo tu.

Upande wa kusini, kuelekea Romanyà de la Selva na Calonge, mwamba ni graniti. Umelika kwa mvua na jua miaka na miaka hadi ukawa mchanga wa chengachenga, wenye rangi kati ya manjano na kahawia. Wenyeji wanauita sauló. Mvua ikinyesha maji yanazama upesi na tope halishiki sana. Ukikauka, chenga hulala juu ya ardhi ngumu, na hapo ndipo mgeni anapojifunza kuendesha upya. Ukisimama kwenye pedali wakati wa kupanda, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Inabidi ukae kitako, uinamie usukani kidogo, ukanyage taratibu bila kushtuashtua. Ukishuka, breki ni kabla ya kona, si ndani ya kona. Na uangalie katikati ya njia, maana mvua kubwa za vuli huchimba mfereji unaoweza kumeza gurudumu zima. Tairi la upana wa milimita 40 linatosha, 45 ni raha zaidi, na usilijaze upepo kama wa baiskeli ya lami. Tairi lililojaa mno linarukaruka juu ya kokoto na kukuchosha mikono bure.

Halafu kuna miti. Msitu wa Les Gavarres kwa sehemu kubwa ni mialoni inayotoa gome la vizibo vya chupa. Simama kando ya mmoja uliovunwa karibuni. Juu, kwenye matawi, gome ni la kijivu, nene, lenye nyufa unazoweza kuingiza vidole. Chini ya mstari uliokatwa kwa shoka, shina liko uchi, jekundu la kutu, laini ukilipapasa. Mavuno hufanyika kiangazi, utomvu ukiwa unapanda na gome likiachia kwa urahisi, na mvunaji hupima pigo lake ili shoka lisijeruhi tabaka hai la ndani. Baada ya hapo mti huachwa zaidi ya miaka 10 ujivike gome jipya. Kazi hii ndiyo iliyojenga miji ya hapa. Palafrugell ina jumba la makumbusho la vizibo, na Cassà de la Selva na Llagostera zimekula kwa gome hilo vizazi kwa vizazi. Njia tunazoziendesha leo kwa starehe zilichongwa kwa ajili ya wavuna magome na wachoma mkaa, na nyingi zinatunzwa hadi sasa ili magari ya wazima moto yaweze kupita.

Kutokuwepo kwa magari humo kuna sababu zake. Mwaka 1995 Katalonia, jimbo lenye pwani hii, ilipitisha sheria namba 9 ya kudhibiti vyombo vya moto kwenye maeneo ya asili. Gari na pikipiki haziruhusiwi kuukata msitu zipendavyo. Zina njia zake, na nje ya hizo ni wenye mashamba na watu wa huduma tu. Kwa hiyo unaweza kuendesha asubuhi nzima ukapishana na gari moja tu la mkulima, nalo likipunguza mwendo lisikutimulie vumbi. Nawashukuru kwa dhati waliopigania sheria hiyo. Bila wao, vilima hivi vingekuwa uwanja wa pikipiki za mchezo kila Jumapili.

Sababu ya pili ni reli ya zamani. Mwaka 1892 ilifunguliwa reli nyembamba, yenye upana wa milimita 750, kutoka Girona hadi bandari ya Sant Feliu de Guíxols, karibu kilomita 40. Ilibeba abiria na vizibo hadi ilipofungwa mwaka 1969, pamoja na ndugu yake iliyokwenda Olot, kwenye nchi ya volkano zilizolala. Njia ya treni hizo, badala ya kuachwa iliwe na vichaka au igawanywe vipande vipande kwa wenye viwanja, ilifanywa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Tangu mwaka 1993 Hispania ina mpango wa kitaifa wa kufanya hivyo, na sasa njia za namna hii zimepita kilomita 3,000 nchi nzima. Kwa kuwa treni ya mvuke haiwezi mlima mkali, njia yake inapanda polepole mno. Mtoto anaiweza, bibi anaiweza. Unapita Quart, mji wa wafinyanzi, unapita majengo ya stesheni za zamani, unafika baharini bila kugombania lami na mtu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Kila mara husikika sauti za kutaka njia kama hizi zitiwe lami au zege, eti ziwe za kisasa. Mimi nimekulia mahali ambapo barabara ya vumbi ni barabara inayosubiri lami, na sitamwambia mtu wa kijijini kwetu asiitake. Mjamzito anayebebwa kwa bodaboda kwenye mashimo anaihitaji, mkulima ambaye nyanya zake zinaozea shambani kila masika anaihitaji. Lakini hapa lami ipo tayari. Barabara ya C-65 inakwenda kwenye pwani hiyo hiyo, pana, na magari yote yanapita huko. Hakuna mgonjwa anayesubiri njia ya reli ya zamani ili afike hospitali. Ukiimwagia lami hurahisishi maisha ya mtu; unaongeza mwendo wa baiskeli, unamfukuza mzee anayetembea na mbwa wake, unamnyima mkimbiaji ardhi inayomhurumia magoti. Changarawe inamlazimisha kila mtu kwenda kwa mwendo wa binadamu, ndiyo maana watu wa aina zote wanatoshea juu yake.

Na sisi waendesha baiskeli tuna wajibu pia. Girona imekuwa makao ya waendesha baiskeli wa kulipwa, na tangu mwaka 2019 kuna mashindano ya changarawe yanayoitwa The Traka, yenye mbio za hadi kilomita 360 na zaidi. Siyapingi. Yameleta riziki kwa mafundi, migahawa na nyumba za wageni nje ya msimu wa kuogelea, jambo ambalo pwani hii ilikuwa ikilihitaji. Ninachopinga ni tabia ya kuufanya msitu uwe uwanja wa mazoezi siku zote, mtu anashuka kwa kasi kwenye kona asiyoiona upande wa pili, huku macho yake yako kwenye kompyuta ya usukani. Mbele ya kona hiyo kuna familia inayookota uyoga, au mtu na farasi wake. Wao ndio wa kupishwa. Funga kengele, piga mapema, salimia.

Ukija, njoo kati ya Machi na Mei, au Oktoba na Novemba. Treni za kawaida kutoka Barcelona hubeba baiskeli hadi Girona. Shika njia ya reli hadi Llagostera, kisha iache, panda kwa njia za msituni hadi Romanyà, ukaone Cova d'en Daina, kaburi la mawe la watu wa kale lililo katikati ya mialoni. Julai na Agosti sikushauri, na si kwa sababu ya joto peke yake. Askari wa misitu hutangaza kila siku kiwango cha hatari ya moto, na kikifika cha juu kabisa, cha 4, msitu unafungwa kwa watu wote. Wapo wanaozunguka kizuizi kwa kuwa baiskeli haina injini. Wasifanye hivyo. Moto ukiwaka, wazima moto watalazimika kuacha kuuzima ili wakutafute wewe. Vuli na baridi kali nako kuna wawindaji wa nguruwe mwitu, hasa mwisho wa wiki, na huweka mabango njiani wanapofanya msako. Ukiliona bango hilo, geuza, tafuta njia nyingine, zipo nyingi.