Sasa Wanataka Kumuuliza Mke Wangu!

Jamani, mimi si mtu wa kulalamika. Muulizeni mke wangu. Au basi, msimuulize, maana hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Mimi ni mmiliki halali wa silaha. Nasema "silaha" ili nionekane mtu wa maana, lakini ukweli ni bunduki moja ya marisau, mitutu miwili, niliyoachiwa na marehemu baba. Kitako kimefungwa waya. Mtutu wa kushoto unalia vizuri, wa kulia hufikiria kwanza. Katika miaka 22 nimeifyatua mara 4, na moja kati ya hizo sikukusudia. Ndoo iliyokuwa karibu haikupona.

Sasa imetoka rasimu ya kanuni mpya za silaha, na sisi wenye bunduki tumeombwa maoni. Maoni? Sisi tulianza kuyatoa kabla hata ya kuisoma. Jioni hiyo hiyo chama chetu cha walenga shabaha kiliitisha mkutano wa dharura, na watu ambao ada hawajalipa tangu enzi hizo wakajaa hadi mlangoni.

Aliyefungua pazia ni Jenerali. Jeshini hajawahi kukanyaga, alikuwa mhasibu, lakini ana fulana yenye mabaka na sauti inayolingana nayo. Akapiga meza: "Leo wanataka namba ya bunduki! Kesho watataka bunduki! Keshokutwa watahesabu visu vya jikoni!" Tukapiga makofi. Mimi nilipiga hadi saa ikanivuka mkononi.

Akaendelea. Marekani, akasema, haki ya kuwa na silaha iliingizwa kwenye katiba tangu 1791! Makofi tena. Bi Mkubwa mmoja aliyekaa pembeni, ambaye kwa kulenga shabaha anatushinda sote tukijumlishwa, akauliza taratibu kama humu ndani kuna raia wa Marekani. Ukainuka mkono mmoja tu. Ulikuwa wa mtu anayeomba kwenda msalani.

Jenerali hakutetereka. Akaleta Australia: mwaka 1996 serikali ilibadili sheria, ikanunua bunduki zaidi ya 600,000 kutoka kwa wananchi na kuziteketeza. Alisema "kuziteketeza" kama anayetangaza msiba. Bi Mkubwa akamwambia, "Eleza na kwa nini." Jenerali akanywa maji. Bi Mkubwa akaeleza mwenyewe, kwamba mtu mmoja alikuwa ameua watu 35 huko Port Arthur. Hapo ukumbi ulitulia kidogo, na mimi pia nilitulia, siwezi kuwadanganya. Ila baada ya dakika kadhaa akili ikarudia lile neno "ikanunua". Nikajikuta napiga hesabu ya kimyakimya: hivi ya kufungwa waya nayo walinunua?

Ndipo Bi Mkubwa akauliza swali la kitoto: nani ameisoma rasimu? Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Alikuwa ameisoma yeye peke yake, tena ameipigia mistari kwa kalamu.

Basi akatusomea. Bunduki iwekwe ndani ya sefu ya chuma iliyopigiliwa ukutani. Risasi zikae mahali pengine, nako pawe na kufuli lake. Hapo nilisimama, maana bunduki yangu inakaa juu ya kabati, imeviringishwa blanketi, na risasi zimo kwenye mkebe wa misumari. Mfumo huo umedumu miaka 22. Nikasema, "Sasa mwizi akija usiku nimwambieje? Ndugu mwizi, vuta kiti, natafuta ufunguo wa pili?"

Watu walicheka, nikajiona msemaji wa taifa. Bi Mkubwa akanitazama juu ya miwani. "Na akija mchana wewe haupo, akapapasa juu ya kabati, ataondoka na nini?"

Ndiyo maana sipendi watu wanaosoma.

Kuna na cheti cha daktari, macho na akili. Ya akili sina neno. Ya macho ndiyo inayonitia tumbo joto, kwa sababu kuna mwewe niliyemwangusha kutoka umbali ambao kila mwaka unaongezeka, na daktari akiandika kwamba sioni vizuri, historia yangu yote ya uwindaji inakwenda na maji.

Lakini kilicholipua ukumbi ni kile kipengele cha mwisho. Kabla ya kupewa leseni, au kuihuisha, ofisa atazungumza na mwenza wako. Peke yake! Wewe haupo! Wanaume wazima walipiga kelele utadhani wameng'olewa jino. Bi Mkubwa akasema mbona si jambo geni, Kanada fomu inamtaka mwenza wa sasa na hata yule mliyeachana ndani ya miaka 2. Bwana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye maisha yake ya ndoa yana matoleo kadhaa, akakaa chini taratibu. Japani, akaongeza, polisi hukagua bunduki kila mwaka, na lazima wajue zinakaa wapi ndani ya nyumba, na risasi zinakaa wapi. Jenerali akasema Japani ni mbali.

Tulivunja mkutano bila kuafikiana, tukaenda kufanya kile wanachofanya wenye bunduki popote duniani wakisikia sheria inakaza: kununua risasi. Wamarekani wana mazoea hayo hayo, sheria ikitajwa tu maduka yanafurika. Jenerali alitoka dukani kifua mbele na maboksi sita. Bi Mkubwa akaokota moja, akasoma. Zilikuwa za geji 20, na geji ni kipimo cha unene kinachokwenda kinyumenyume: namba ikiwa kubwa, risasi ni nyembamba. Bunduki ya Jenerali ni geji 12. Akamwonya asithubutu hata kujaribu, kwa sababu hiyo ndogo hupita chemba, pale risasi inapokaa, ikakwama katikati ya mtutu, halafu ukija kuweka ya saizi yake nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka na mkono unaondoka nao. Jenerali akajibu kwamba anajua, amezinunua kama msimamo.

Mimi nikaenda nyumbani na wazo. Kama ofisa atakuja kumhoji Mama Watoto, basi tufanye mazoezi. Nikavaa koti, nikakaa mezani na daftari, yeye akavuta kiti akiwa bado ana kitambaa cha vyombo begani.

"Mama, mumeo ni mtu mtulivu?"

"Akiwa na bunduki au akiwa na rimoti?"

"Jibu swali, mama."

"Basi andika mtulivu. Ila weka nyota, chini uandike isipokuwa timu yake ikifungwa."

Nikaandika mtulivu, bila nyota. "Amewahi kumtishia mtu?"

"Mtu hapana. Redio ndiyo, mara mbili."

"Je, unajua bunduki inakaa wapi?"

"Juu ya kabati. Kila wiki naipangusa vumbi. Yeye hajawahi."

"Na risasi je?"

Hapo akanyamaza. Akakunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, akakilaza mezani. "Risasi zilipo najua. Yeye ndiye hajui."

Nikaweka kalamu chini. "Kivipi hajui? Zimo kwenye mkebe wa misumari!"

"Kwenye mkebe wa misumari mna misumari, Baba Watoto. Nilizihamisha mwaka ule ulipopiga ndoo."

Mwaka ule ulikuwa miaka 9 iliyopita! Miaka 9 nimekuwa nikisikia kishindo usiku, nainuka, nashusha bunduki, naichukua na mkebe wangu, nazunguka nyumba kifua mbele nikikohoa kwa vitisho. Nilikuwa nalinda familia kwa misumari ya inchi 3. Nikauliza ziko wapi. Akasema atamwambia ofisa.

Sasa ni saa 7 usiku, niko mezani na fomu ya maoni. Ukurasa wa kwanza nimeumaliza kwa hasira nzuri tu, kuhusu uhuru, heshima ya mwenye nyumba na mambo kama hayo. Ukurasa wa pili wanataka mwenye silaha aeleze risasi zake zinahifadhiwa wapi kwa sasa. Nimeshafungua droo zote, nimetazama nyuma ya friji, nimeinua hadi godoro la mtoto. Nimeita, "Mama Watoto!" mara tatu.

Anakoroma. Na huyu mwanamke, miaka yote tuliyoishi pamoja, hajawahi kukoroma.