Injini siyo shida, shida ni fundi wa umeme
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba magari ya haibridi ya kuchaji (yenye injini pamoja na mota ya umeme na betri kubwa inayochajiwa kwa kuchomekwa kwenye umeme) yanayopita njia mbovu hudumu kuliko ya dizeli, kwa kuwa injini yake hupumzika muda mwingi. Hoja hiyo ina ukweli kwa anayechaji kila usiku, lakini hapa Mwanza umeme ukikatika kutwa nzima, injini ndiyo inayofanya kazi yote, tena ikiwa imebebeshwa uzito wa betri. Ninalo gari la aina hiyo, nalitumia kati ya Buhongwa na Sengerema, na kwenye tope la masika mota ya nyuma huvuta vizuri, wala hakuna propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ya kugonga mawe. Kilichonisumbua ni betri ndogo ya volti 12, ile inayoamsha mifumo ya gari: ilipokufa, gari liligoma kuwaka ilhali betri kubwa imejaa, na fundi wa Igoma, mtu hodari sana kwa dizeli, alipoziona nyaya za rangi ya chungwa alifunga boneti na kunishauri nitafute gari la kulivuta. Simlaumu, maana nyaya hizo hupitisha mamia ya volti. Je, kuna msomaji wa Kanda ya Ziwa anayemjua fundi mwenye kifaa cha kupima betri kubwa seli kwa seli, au sote tunategemea Dar es Salaam?