Mhafidhina Mwenye Taulo

Leo asubuhi nimeitwa mhafidhina nikiwa nimesimama kwenye korido, taulo kiunoni, mswaki mdomoni. Aliyeniita ni mpwa wangu, naye yuko bafuni, mlango kautia komeo. Nimeshatukanwa sana maishani, tena na watu ninaowasomesha, lakini tusi la kutafutiwa vitabuni sikuwahi kulipata, sembuse kabla sijanawa uso.

Hali za nyumba zetu mnazijua. Bafu moja, watu saba, na kila mmoja anachelewa kuliko mwenzake. Na mgeni wa "wiki mbili tu, mjomba" akishatimiza miezi minne mnamjua pia. Huyu wangu kaanza kusoma sayansi ya siasa, muhula wa kwanza. Muhula wa kwanza ndio hatari kuliko yote. Wakifika wa pili wameshaanza kufeli, wanatulia.

Nilichosema ni kidogo sana. Nilibisha hodi nikasema, kwa heshima zote: "Kijana, toka. Nyumba hii mimi ndiye ninayeoga kwanza, ndivyo ilivyo tangu tuhamie." Basi. Maji yakachuruzika kidogo, yakanyamaza, kisha sauti ikatoka: "Samahani mjomba, lakini huo ni uhafidhina, kung'ang'ania mambo yabaki yalivyokuwa."

Nikatoa mswaki mdomoni. "Mhafidhina nani kati yetu? Mimi niliyeachwa nje, au wewe uliyejihifadhi humo tangu saa kumi na mbili?"

Laiti ningenyamaza. Msomi wa muhula wa kwanza ukimjibu, umemfungulia darasa. Akaanza na Edmund Burke, baba wa wahafidhina, ambaye mwaka 1790 aliandika kitabu cha kuyakosoa mapinduzi ya Ufaransa. Eti Burke anasema mambo yaliyodumu vizazi na vizazi yamebeba hekima ambayo mtu mmoja, hata awe na akili kiasi gani, hawezi kuiunda upya kwa usiku mmoja. Ukibomoa kila kitu ili uanze sifuri, usishangae mwisho wake akatawala jenerali.

Niseme kweli? Nilimpenda huyo Burke. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne mtu alikuwa upande wangu ndani ya nyumba yangu. Nikasema: "Sasa umesikia maneno ya wenye busara, fungua mlango."

"Lakini mjomba, Burke huyohuyo alisema dola isiyo na njia ya kubadilika haina njia ya kujihifadhi. Kwa hiyo hata kwake zamu inaweza kubadilishwa."

Nikaanza kumchukia Burke.

"Mimi mwenyewe ni mliberali," akaendelea, na nikasikia ndoo ikiburutwa, maana yake kakaa juu yake. Akanitajia John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, na vitabu vyake vya 1689: mtu huzaliwa na haki zake, na serikali ipo kwa ridhaa ya watu ili izilinde hizo haki, siyo izigawe kama zawadi. Hapo hatukugombana. Tatizo ni kwamba Locke alisema pia kuwa mtu akichanganya jasho lake na kitu kisicho cha mtu, kitu hicho kinakuwa chake. "Na bafu hili, mjomba, jana nililisugua."

"Jasho lako lipi? Umelisugua kwa mguu mmoja, simu mkononi! Na nani kakwambia bafu langu si la mtu?"

Akamhamia John Stuart Mill, mwaka 1859: uhuru wa mtu usiingiliwe ila pale anapowadhuru wengine. Nikaona pa kumshikia. Nikamwambia unanidhuru, nachelewa kazini, bosi wangu hasomi Mill. Akajibu kwamba kunichelewesha siyo lazima kuwe kunidhuru, hilo linahitaji mjadala. Mjadala! Mtu yuko kwenye maji ya moto niliyoyalipia mimi.

Halafu nikafanya kosa la kuuliza kama mliberali ndiye yule anayetaka serikali isaidie wanyonge. Akasema inategemea uko wapi. Marekani ukisema mliberali watu wanaelewa hivyo. Sehemu nyingi za Ulaya, mliberali ni yule anayetaka serikali iliachie soko lipumue. Australia, Chama cha Kiliberali ndicho chama cha wahafidhina. Na Ureno kuna chama kinachojiita cha Demokrasia ya Kijamii, lakini kimekaa mrengo wa kulia, kwa wahafidhina. Sasa mtu akipanda ndege jioni akiwa mliberali, atashuka asubuhi akiwa nani? Na sisi tulikuwa tunalalamika kupoteza mizigo.

Hapo ndipo shemeji alipojiunga na foleni, kajikunja, mikono tumboni. Hakusalimia. Akasema tu: "Jamani, mimi hali yangu si nzuri. Mwenye shida kubwa apite kwanza."

Mlango ukapiga kelele kwa furaha. "Umesikia mjomba? Karl Marx, 1875! Kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake, apate kwa kadiri ya mahitaji yake!"

"Mimi Marx simjui," akasema shemeji. "Hili ni tumbo."

Nilidhani tumbo litamhurumisha. Wapi. Alimweleza shemeji, mtu anayetokwa jasho, kwamba hajaeleweka vizuri: je, anadai ujamaa au ukomunisti? Maana watu huvichanganya. Lenin aliandika mwaka 1917 kwamba ujamaa ni hatua ya kwanza tu, njia kuu za uzalishaji zimeshakuwa mali ya wote lakini mtu bado analipwa kwa kazi aliyoifanya. Ukomunisti kamili ni hatua ya juu, matabaka yamekwisha, na dola yenyewe inanyauka taratibu mpaka haihitajiki tena.

"Na mlango?" shemeji akauliza kwa sauti ndogo. "Wenyewe unanyauka lini?"

Nikamwonea huruma. Sisi kwenye lugha yetu neno ujamaa lina jamaa ndani yake, na Nyerere mwaka 1962 aliandika kwamba msingi wake ni ule udugu wa familia, siyo chuki ya tabaka kwa tabaka. Sasa jamaa ndiye huyu hapa kakunjika ukutani, na jamaa mwingine yuko ndani anampa tofauti za hatua ya kwanza na ya pili.

Kukawa na nafasi ya mapatano. Mpwa akasema wapo pia wanademokrasia ya kijamii, ambao hawataki kuvunja mlango wala kung'oa soko. Wanataka kanuni, kodi na bima, ili anayechukua sana arudishe kidogo kwa anayekosa. Wale wa Ujerumani walikuwa chama cha Kimarx, na mwaka 1959 kule Bad Godesberg wakauweka Umarx pembeni rasmi. Shemeji akasema hicho anakitaka, kodi ya kila dakika mtu anayozidisha bafuni, na anataka ianze leo.

Mimi nikajaribu ujanja wa Bismarck, niliyekuwa nimemsikia dakika mbili kabla. Huyu kansela wa Ujerumani alikuwa mhafidhina wa kutupwa. Mwaka 1878 akapitisha sheria ya kuzuia jumuiya na mikutano ya wanasoshalisti, yaani wajamaa, kisha 1883 akaanzisha bima ya afya kwa wafanyakazi, na 1889 pensheni ya uzee, ili wafanyakazi wasiwakimbilie haohao aliowazuia. Yaani unampa mtu kidogo ili asichukue chote. Nikasema kwa upole: "Ukitoka sasa hivi, nitakuazima chaja yangu wiki nzima."

"Ninayo humu, mjomba."

Chaja yangu. Bafuni. Kwenye mvuke.

Wakati huo mwanangu wa mwisho akapita. Akatutazama wote, taulo na tumbo, akaenda zake kukojoa nyuma ya nyumba bila kumwomba mtu ruhusa. Mpwa alipoambiwa akasema hapo tunakaribia kwa Proudhon, Mfaransa aliyejitangaza mfuasi wa anarkia mwaka 1840: watu wapatane wenyewe bila mtawala juu yao. Ndiye mtu pekee aliyepata nafuu asubuhi ile, namsema mtoto.

Nikalipuka. Sikujivunia nilivyolipuka, lakini nililipuka. Nikaupiga mlango kwa kiganja nikapaza sauti kwamba hapa kichwa ni kimoja, kwamba sitaki hoja wala zamu wala vitabu, kwamba kuanzia leo kila mtu ataoga nikitaka mimi na asipotaka asioge, na atakayebisha atafute nyumba nyingine!

Kimya. Hata tumbo la shemeji lilinyamaza.

"Mjomba," ikaja sauti, safari hii pole pole, "hapo umeshaupita uhafidhina. Mhafidhina ana mipaka aliyorithi, mila, sheria, hata mfalme wake ana vya kumzuia. Anayesema kiongozi hahojiwi na taifa ni mwili mmoja ni mfashisti. Mussolini alikuwa mhariri wa gazeti la wanasoshalisti kabla hajaanzisha kundi lake mwaka 1919. Miaka mitatu baadaye alikuwa waziri mkuu wa Italia."

Nina miaka hamsini na mbili. Sijawahi kumpiga mtu. Nalipa ada za watoto wasio wangu. Na nilikuwa nimesimama koridoni na povu la dawa ya meno kwenye ndevu, nikifananishwa na Mussolini na mtu anayetumia maji yangu, na ubaya wenyewe ni kwamba nilipojisikiliza nilivyosema, sikuwa na la kumjibu. Nilitaka kuoga tu. Jamani, mtu mzima akitaka kuoga ni itikadi gani hiyo?

Si mara ya kwanza wiki hii, ndiyo maana iliniuma. Kazini nimeitwa mkomunisti kwa kuuliza kwa nini kalamu moja inamilikiwa na mtu asiyeandika. Kinyozi wangu kila asichokipenda anakiita ufashisti, hata mvua, na simbishii kwa kuwa wembe unakuwa shingoni. Na jana usiku nilijaza lile jaribio la mtandaoni la kujua msimamo wako, maswali kibao, majibu ni nukta moja katikati kabisa ya mchoro. Saa nzima, nukta.

Mama watoto ndiye aliyemaliza. Hakusema neno. Alipita katikati yetu amevaa tayari kwa kazi, akatoka nje, akafunga koki kuu ya maji, akaenda zake. Dakika moja baadaye komeo likafunguka, mpwa akatoka na sabuni masikioni, na shemeji akapita kama mshale kabla sijanyanyua mguu. Nilimuuliza mpwa hiyo ya shangazi yake inaitwaje vitabuni. Akasema atamuuliza mhadhiri.

Zamu yangu ilipofika, saa mbili kasoro, nikakuta sabuni imebaki kipande chembamba kama ukucha. Nikauliza kwa sauti nani kaimaliza. Hakuna. Kila mtu anaitumia kidogo sana, hakuna aliyeimaliza. Ule mkono usioonekana aliouandika Adam Smith mwaka 1776, kila mtu anatafuta lake na soko linajipanga lenyewe, mimi nadhani ulianzia bafuni kwangu. Na mpwa kasimama nje ya mlango, sasa zamu yake kuwa nje, ananieleza kwamba kushoto na kulia vya siasa vyote vilianza na viti tu: Ufaransa, 1789, wabunge waliotaka mfalme awe na kura ya turufu walikaa kulia kwa spika, waliompinga wakakaa kushoto. Viti! Watu hawasalimiani misibani kwa sababu ya nani alikaa wapi.

Koki ilikuwa bado imefungwa. Nikatoka nje na taulo langu kwenda kuifungua, nimeinama kwenye ile mita yenye buibui, na jirani kwa mbali akaniita: "Vipi mzee, maji yamekatika?" Nikasema hapana, ni mambo ya ndani. Akaangalia miguu yangu. "Mbona ndala zote za kushoto?"

Nikatazama. Kweli, zote za kushoto, moja ya bluu, moja ya kijani. Sasa niambieni, huyo aliyeondoka na za kulia anatembeaje, na moja si yake?