Kuiga Deki Si Aibu, Hasara Iko Kwenye Kuhamahama

Kati ya vijana wanaocheza Hearthstone, mchezo wa karata wa mtandaoni, hapa Mombasa, hakuna neno linalochoma kama kumwambia mwenzako kwamba deki yake, yaani fungu la karata anazoingia nazo, ameinakili kwa wengine. Maana yake ni kwamba umeshinda, sawa, lakini akili iliyoshinda si yako. Anayetuhumiwa naye hujibu kwamba ngazi ya kupanda daraja haiulizi nani alibuni, inahesabu nyota tu. Ubishi huu nimeusikia Kisauni, nimeusikia Likoni, na kila mara unakwisha kwa kelele, hakuna aliyetoa hesabu. Mimi naona hesabu ikitolewa, pande zote mbili zitajikuta zinagombania jambo dogo huku kubwa likiwapita.

Kwa asiyeujua mchezo: Hearthstone ni ya kampuni ya Blizzard, ilitoka rasmi 2014 na ikafika kwenye simu 2015. Unaingia na deki ya karata 30 ulizochagua mwenyewe. Karata moja huruhusiwi kuiweka zaidi ya mara mbili, na zile za hadhi ya Legendary ni moja moja tu. Kila upande una uhai 30, na anayemaliza wa mwenzake kwanza ndiye mshindi. Tangu Aprili 2020 ngazi ina makundi matano, Bronze, Silver, Gold, Platinum na Diamond, kila kundi lina daraja 10 na kila daraja nyota tatu. Juu ya yote ipo Legend. Mwezi ukiisha, unarudishwa chini, ila aliyefika mbali hupewa nyota za ziada kwa kila ushindi ili apande upesi hadi karibu na alikokuwa.

Nadhani aibu ya kunakili imetoka barazani. Wazee wa Mji wa Kale wanapocheza wahedusitini, ule mchezo wa karata wa barazani, pakiti ni moja, inachangwa mbele ya watu wote, na kila mtu anapokea alichopangiwa. Ukifikisha pointi 61 za ushindi, umefika kwa macho yako, kwa kumbukumbu ya karata zilizokwisha toka, na kwa kujua lini uifiche turufu. Hakuna aliyekuja na pakiti yake mfukoni. Kijana aliyekulia pembeni ya baraza hiyo anaingia Hearthstone akidhani sheria ya heshima ni ileile, kumbe huku nusu ya mchezo huchezwa kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Mbunifu ana haki ya kuona fahari, kwa sababu kupanga karata 30 zinazosaidiana ni kazi. Lakini aliyechukua orodha iliyokwisha jaribiwa na maelfu ya watu hajaiba kitu. Amekubali tu kwamba kazi hiyo wenzake wameifanya vizuri kuliko ambavyo angeifanya usiku mmoja na bando la siku.

Sasa hesabu. Ukifika Diamond 5 huwezi tena kushuka chini yake, lakini pia ile nyota ya ziada ya kushinda mfululizo inakoma. Kutoka hapo hadi Legend ni daraja tano, kwa hiyo ni takriban nyota 15, yaani unahitaji ushindi 15 kuzidi vipigo. Mwenye deki inayoshinda mara 55 kwa 100 hupata faida ya ushindi 10 katika kila michezo 100, kwa hiyo atahitaji kama michezo 150. Anayeshinda 52 atahitaji 375. Anayeshinda 51 atahitaji 750, na mwezi utamwishia njiani. Anayeshinda 50 anazunguka palepale akingoja bahati.

Hapo ndipo mbunifu anapata taabu. Deki aliyoitunga inaweza kuwa tamu, inaweza kumfanya mpinzani akune kichwa, lakini ikibaki 50 au 51 haimfikishi. Tofauti ya pointi tatu nne, ambayo kwa jicho haionekani kabisa, ndiyo inayogeuza wiki kuwa miezi.

Na kuna kitu ambacho hata wanaonakili hukisahau: muda wa mchezo mmoja. Tuseme deki ya agro, ile ya kushambulia tangu zamu ya kwanza, inashinda 54 na mchezo wake unachukua dakika sita. Ya kontroli, inayosubiri, kusafisha uwanja na kumaliza kazi mwishoni, inashinda 57 lakini inachukua dakika 12. Ya kwanza inahitaji karibu michezo 188, ambayo ni saa 19 hivi. Ya pili inahitaji 107, nayo ni saa 21 na ushei. Deki dhaifu zaidi inafika kwanza! Anayecheza kwenye foleni ya feri ya Likoni, au ndani ya matatu ya kutoka Mtwapa, hana haja ya kuelezwa kwa nini agro inapendwa. Mchezo unakwisha kabla hujaitwa ushuke.

Mtandao wenyewe si kikwazo sana. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika nchi kavu hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na mchezo wa zamu wenye sekunde 75 za kufikiri hauumizwi na kuchelewa kidogo kama michezo ya kupiga risasi. Betri ndiyo shida, lakini tuyaache hayo.

Je, basi kila mtu achukue agro iliyo juu kwenye orodha? Hapana, na hapa namsikiliza mtu wa upande wa pili kwa makini. Zile asilimia za ushindi wa kila deki tunazosoma hukusanywa hasa kutoka kwa watu wanaocheza kwenye kompyuta wakiwa na programu ya kufuatilia karata. Mtu aliyejisumbua kuweka programu hiyo huwa si mgeni wa mchezo. Kwa hiyo deki inayoandikwa 56 inashinda 56 mikononi mwao, si mikononi mwangu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mwaka 2015 kulikuwa na deki ya Warrior, mmoja wa mashujaa ambao mchezaji huchagua kuchezea, iliyojengwa juu ya karata ya Grim Patron. Mabingwa waliitisha nayo dunia, hadi Blizzard ikaibadilisha karata ya Warsong Commander Oktoba mwaka huo ili kuivunja. Lakini wengi wetu wa daraja za chini tuliopewa deki hiyohiyo, karata kwa karata, tulikuwa tunashindwa nayo, kwa sababu zamu moja ilidai uhesabu hatua saba nane kabla kamba ya muda haijaungua. Kunakili orodha hakunakili mikono.

Hilo ndilo jibu bora la mbunifu, na hata yeye halitumii ipasavyo. Anayeijua deki yake anajua karata zipi za mwanzo azirudishe, na anajua tofauti ya kuanza na karata tatu na kuanza wa pili na nne pamoja na ile karata ya sarafu anayopewa wa pili. Anajua pia mpinzani gani amshambulie na yupi amsubiri. Ujuzi huo hauji kwa kusoma. Unakuja kwa kucheza deki moja mara nyingi, iwe umeibuni au umeichukua. Ndiyo maana nasema ubishi wa kunakili unatupotosha. Anayepoteza zaidi ni yule anayebadilisha deki kila akipigwa mara tatu, na watu hao wapo pande zote mbili.

Mfukoni nako ni hivyohivyo. Karata ukitaka kuitengeneza unalipa kwa vumbi, ambalo ni fedha ya ndani ya mchezo: ya kawaida 40, na Legendary 1,600. Ukiivunja Legendary unarudishiwa 400, robo ya ulicholipa. Ya kawaida inarudisha 5, sehemu ya nane. Mtu aliyetengeneza deki yenye Legendary nne ametoa 6,400 kwa hizo peke yake. Akiichoka Jumamosi na kuivunja anabaki na 1,600, ambayo ni Legendary moja ya deki mpya. Akirudia mara mbili tatu, vumbi lote limekwisha, na atakayeokoa mchezo wake ni M-Pesa. Deki nyingi za agro hutegemea karata za bei ya chini, kwa hiyo kijana asiye na pesa hupata zote mbili, mwendo na unafuu. Anayependa kontroli akiwa na mkusanyiko mdogo, namwonea huruma.

Kung'ang'ania nako kuna hatari zake, nisijifanye sizioni. Meta, yaani hali ya deki zipi zinatamba kwa wakati fulani, hubadilika. Deki ya shujaa Hunter iliyotegemea karata ya Undertaker ilitamba hadi karata hiyo ikapunguzwa makali Januari 2015, na aliyebaki nayo siku iliyofuata alikuwa amekumbatia kaburi. Kila mwaka seti za karata za zamani huondolewa kwenye mfumo wa Standard, unaoruhusu seti za karibuni tu, na seti mpya huingia mara kadhaa. Ila angalia: karata ikipunguzwa makali, Blizzard kwa kawaida hutoa muda wa kuivunja kwa vumbi kamili ililogharimu. Huo ndio wakati wa kuhama bila hasara. Kuhama kwa sababu jana usiku ulikutana na wapinzani watano wenye shujaa Priest ni jambo jingine. Wapinzani watano hawakuonyeshi meta.

Kwa wanaotamani mashindano, shauri langu linabadilika kidogo. Katika mfumo wa Conquest mchezaji huja na deki kadhaa, mpinzani huipiga marufuku moja, na kila iliyobaki lazima ishinde. Mwenye deki moja hana la kufanya hapo. Lakini wengi wanaobishana kuhusu Legend hawajafika huko, na wanaokwenda huko huongeza deki ya pili baada ya kuimudu ya kwanza.

Kwa hiyo nikiulizwa mwanzoni mwa mwezi, nasema chukua orodha inayojulikana, ya agro kama vumbi lako ni kidogo, na usiiguse kwa michezo 50 ya mwanzo hata ukipigwa. Baada ya hapo tazama vipigo vyako vilitoka kwa nani. Kama ni kontroli wanaosafisha uwanja wako zamu ya nne au ya tano, toa karata mbili dhaifu na uweke mbili zinazoacha kitu nyuma zikifa. Kama ni agro wenzako, weka kinga mbili za bei ya chini. Mbunifu ana nafasi yake ya haki kwenye karata hizo mbili, kwa sababu mwandishi wa ile orodha hakuwajua wapinzani wako. Zile 28 nyingine ziache zilivyo.