Binti yangu halipwi, na sitaki alipwe

Juzi niliweka picha ya binti yangu kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Amesimama uwanjani, matope hadi magotini, kofia ngumu kichwani, fimbo ya mchezo mkononi, anacheka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mechi ya wasichana wa chini ya miaka 12 ya kamogi, yaani halingi ya wanawake, mchezo wa Ayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, na mvua ya hapa Clare, Ayalandi, inanyesha kama kawaida yake. Hazikupita dakika mbili, binamu yangu aliyeko Doha akauliza: "Analipwa ngapi huyo?" Nikamjibu kwamba huku halipwi mtu. Hata wale wanaocheza fainali mbele ya watu 82,300 pale Croke Park, uwanja mkuu wa michezo hii mjini Dublin, wana kazi zao za kuendea: walimu, wakulima, mafundi umeme. Akaandika: "Basi mnapoteza muda. Mpelekeni kwenye mpira wa maana."

Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo. Angekuwa yeye peke yake ningenyamaza. Lakini nimeyasikia pia kwa Watanzania na Wakenya wenzangu tunaoishi huku Ayalandi, watu wanaopita kando ya uwanja wa klabu kila siku na hawajawahi kusukuma lile geti.

Nilihamia kijiji hiki mwaka 2019, kufanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Watu walikuwa wema. Walinisalimu, walinipungia mkono kutoka kwenye magari. Lakini kusalimiwa ni kitu kimoja na kujulikana ni kingine. Sisi tuliokulia Tanga tunajua mtoto akikosea njia mtaani anaulizwa kwanza, "Wewe wa nani?" Akishajibu, ana mahali pake. Mimi kwa miaka miwili hakuna aliyeniuliza. Binti yangu alipofikisha miaka 6, nikasimama nje ya uzio wa uwanja nikiwa nimemshika mkono, sijui nianzie wapi. Mwanamke mmoja mwenye filimbi shingoni akaja mpaka pale na kumwinamia mtoto, akamuuliza jina lake. Kisha akaniuliza mimi naishi nyumba ipi. Nilipomwelekeza akasema, "Ah, nyumba ya marehemu fulani," akanitajia watoto wote waliolelewa humo na nafasi walizocheza. Siku hiyo nikawa mtu wa pale.

Mwaka 2023 mama yangu alifariki Tanga. Sikuweza kusafiri, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zinashughulikiwa, na mwenye kupitia hayo anajua maana yake. Alizikwa mimi nikiangalia kwenye simu, picha inakatika, inarudi. Kwetu msiba hauwi wa mtu mmoja. Majirani hutandika mikeka, sufuria hupanda jikoni bila wewe kuuliza, na kina shangazi wanakaa na wewe hata kama hamna la kusema. Mimi nilikuwa na kochi na mtoto aliyekuwa haelewi kwa nini mama hali.

Jioni yake mlango uligongwa. Alikuwa yule wa filimbi, na nyuma yake wanawake sita wa klabu. Walikuwa wamemuuliza daktari wa Kipakistani wa kijijini ni chakula gani kinachotufaa sisi Waislamu. Wakaleta samaki, viazi, mkate, chai ya kutosha watu thelathini. Wakakaa. Mmoja akaosha vyombo, mwingine akamwogesha mtoto. Walirudi kesho yake na kesho kutwa, siku tatu, na wala hawakujua kwamba kwetu siku tatu zina maana yake. Siku ya tatu nilipofungua dirisha nikawakuta watoto wa timu ya binti yangu wamepanga mistari miwili kwenye njia ya kuingilia nyumbani, wamevaa jezi za klabu. Hivyo ndivyo wanavyomsindikiza mtu wao anapozikwa. Maiti yangu ilikuwa ardhini Tanga, lakini walimpangia mistari.

Binamu, niambie hiyo inalipwa kwa riyali ngapi.

Sisemi haya kwa kudharau soka. Baba yangu alikuwa Coastal Union damu, na ubingwa wa 1988 tumesimuliwa mpaka tukaukariri. Lakini tuseme ukweli kuhusu tunachokijua. Simba na Yanga tunazipenda nchi nzima, na mchezaji anavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya mkataba. Hata ndondo za mtaani, timu ikiona mechi ni ngumu inatafuta mamluki. Anakuja, anafunga, anachukua bahasha yake, anaondoka, na wewe uliyeshangilia hujui hata kwao wapi. Klabu za huku zinasimama juu ya parokia. Unaichezea ya mahali unapotoka au unapoishi, na kuhama ni jambo zito linaloombewa ruhusa. Mlinda mlango akiwa dhaifu, ndiye huyo huyo, ni mtoto wa mwenye duka, mtamfundisha. Ukileta mshahara, siku hiyo hiyo umeleta soko, na mwenye kununuliwa huuzwa. Ndiyo maana sitaki binti yangu alipwe.

Mwaka 2024 Clare ilitwaa ubingwa wa halingi wa Ayalandi nzima kwa kuwashinda Cork kwa pointi moja, baada ya muda wa nyongeza. Nilikuwa zamu. Tulikaa na wazee mbele ya televisheni, na mmoja wao, ambaye siku nyingine hukumbuka mambo machache sana, alikuwa akimtambulisha kila kijana wa Clare kwa babu yake. Huyu mjukuu wa fulani. Yule mama yake alitoka upande ule. Ni lile swali letu la "wa nani".

Wenyewe watakueleza historia, na historia yao ni nzito. GAA, chama kinachosimamia michezo hii ya jadi ya Ayalandi, kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 kule Thurles, na mmoja wa waanzilishi, Michael Cusack, alizaliwa Carran, humu humu Clare. Tarehe 21 Novemba 1920 vikosi vya Waingereza viliufyatulia risasi umati wa Croke Park, wakafa watu 14, akiwemo mchezaji Michael Hogan wa Tipperary. Jukwaa moja lina jina lake mpaka leo. Na katika uwanja huo huo, tarehe 31 Julai 2020, wakati wa korona, Waislamu waliswali Iddi kubwa kwenye nyasi. Niliitazama swala ile nikiwa jikoni na nikalia.

Nakubali zipo kasoro, ingawa sipendi kumpa binamu silaha. Kuna wazazi wanaomtukana refa kijana wa miaka 16 mpaka unaona haya. Kuna familia zinazoiona kamati kama urithi wao. Wasichana wameachwa nyuma muda mrefu: vyama vyao vilikaa mbali na cha wanaume, uwanja wanapewa wavulana kwanza, na hadi mwaka 2025 ndipo wachezaji wa kamogi waliporuhusiwa kuvaa kaptura badala ya kulazimishwa sketi. Hayo yasemwe na yarekebishwe. Bado mwenye filimbi huja kila Jumamosi, na hakuna anayemlipa.

Kinachonitisha ni kingine. Vijana wanahama, wanaenda Dublin na Sydney, nyumba vijijini hazipatikani, na klabu zinaungana kwa sababu peke yao hazifikishi watoto kumi na watano. Mwaka huu timu ya binti yangu ina wasichana kumi na mmoja, na tumeungana na jirani zetu, mahasimu wa miaka yote. Katika hao kumi na mmoja, wanne wazazi wao hawakuzaliwa Ayalandi. Kwa hiyo anayewaambia wenzetu wasiwapeleke watoto anazungumzia jambo kubwa kuliko anavyofikiri.

Jumamosi iliyopita mvua ilikatika kidogo. Nje ya uzio nikamwona mama mmoja, kitenge chini ya koti zito, binti wa miaka kama saba kando yake. Nikatoka getini nikamsalimu kwa Kiingereza, akajibu kwa shida. Nikajaribu Kiswahili. Akashtuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ametoka Bukavu, yuko kwenye makazi ya waomba hifadhi, wiki ya tatu.

"Wanalipisha ngapi, dada?" akauliza.

Nikamwambia tutaliongea, kwanza tuingie. Yule wa filimbi alikuwa ameshaanza kuja, na nilijua atakachomuuliza mtoto.