Mtoto Ameandika Ukweli, Mnamwambia Apambe

Mpwa wangu alinionyesha daftari lake la insha. Walikuwa wameambiwa waandike juu ya mdudu yeyote. Wenzake wakaleta nzige wanaozungumza na siafu walioasi malkia wao. Yeye alichuchumaa nje akawatazama sisimizi. Akaandika kwamba ukifuta njia yao kwa kidole wanababaika na kuzungukazunguka, mpaka mmoja aipate tena upande wa pili na wengine wamfuate. Akamalizia kwamba hana hakika kwa nini, ila anadhani wanafuata harufu.

Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Insha kavu. Pamba lugha yako."

Kavu! Mtoto ametazama, amejaribu, amekisia sababu, na amekisia sawasawa, maana sisimizi kweli huacha harufu njiani ili wenzao waifuate. Tena amesema wazi wapi hana hakika, jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi. Kumbe alipaswa kuandika kwamba jua lilichomoza kwa madaha.

Simlaumu mwalimu huyo peke yake. Shule nyingi humfundisha mtoto kusoma kwa hadithi tupu, kisha siku moja humkabidhi kitabu cha sayansi na cha historia kana kwamba ni kusoma kulekule. Mwaka 2000 mtafiti Nell Duke alichapisha alichokikuta katika madarasa 20 ya mwaka wa kwanza huko Marekani: kwa wastani, watoto walitumia dakika 3.6 kwa siku na maandishi ya maarifa, yaani yale yanayoeleza mambo ya kweli badala ya kusimulia hadithi. Katika shule za maeneo maskini, hata hizo hazikufika. Halafu wakifika darasa la nne wakikwama, tunashangaa.

Na si kusoma kulekule. Hadithi hukuchukua kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitabu cha maarifa unakiingilia popote, unaruka, unarudi nyuma, unasimama kwenye mchoro na kuulinganisha na aya iliyo pembeni. Kuna maneno madogo yanayobeba mzigo wote, kama "isipokuwa", "hata hivyo" na "kwa sababu hiyo", na mtoto huyapita mbio. Nani amemfundisha? Anaambiwa asome kifungu ajibu maswali. Swali likiwa "Kwa nini chuma hupata kutu?", anatafuta neno "kutu", ananakili sentensi nzima, anapata vema. Hajui kitu kuhusu kutu.

Ndiyo maana mimi nasema dawa iko kwenye kuandika. Mpe mtoto aandike jambo la kweli, kisha umuulize swali moja kwa kila sentensi: umejuaje? Majibu si mengi. Ameona mwenyewe, ameambiwa na mtu, au amesoma mahali. Akisema ameambiwa, muulize huyo mtu alijuaje. Akisema amesoma, akuonyeshe wapi na nani aliandika. Akikosa jibu, sentensi inafutwa au inaongezewa "nadhani". Ni kazi ya polepole na mwanzoni itamuudhi, kwa sababu amezoea kwamba sentensi ikishapendeza imekwisha. Lakini mtoto aliyefuta sentensi zake mwenyewe kwa kukosa ushahidi hawezi tena kusoma za wengine kwa macho yaleyale. Ameshaona jikoni kunapikwaje.

Nani asiyehitaji hilo? Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa tovuti za kukagua wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki palepale kwenye ukurasa, wakavutiwa na nembo nzuri na jina lenye heshima. Wahakiki waliuacha mapema wakaenda kuangalia wengine wanasemaje kuhusu walioutengeneza. Wasomi wazima, wenye vyeti ukutani, wamezidiwa na watu waliozoea tu kuuliza "nyinyi ni nani na mmejuaje?"

Najua watetezi wa hadithi wameshakunja uso. Marekani, viwango vya elimu vya mwaka 2010 viliposema maandishi ya maarifa yafikie nusu ya usomaji wote katika darasa la nne na asilimia 70 mwishoni mwa sekondari, watu walilia kana kwamba riwaya zinachomwa moto, ilhali asilimia hizo zilihesabu masomo yote, si somo la lugha peke yake. Haya, nikubali kidogo: hadithi humfundisha mtoto kuishi ndani ya kichwa cha mtu mwingine, na hilo sijaona jedwali likilifanya. Na pale ambapo "maarifa" yamegeuka vifungu vya kuchosha vya mazoezi ya mtihani, wana haki ya kulalamika. Ila wasiniambie kwamba ukweli hauna ladha. Mtoto anayeuliza maswali mia kuhusu papa hajachoshwa na papa.

"Wanafunzi watanakili kutoka intaneti." Watanakili, ndiyo, ukiwaambia waandike kuhusu tembo. Tembo ameshaandikwa. Waulize kwa nini ngazi za shule yao zimelika katikati kuliko pembeni. Watume wakamhoji mtu juu ya kazi yake na walete jambo moja ambalo hawakulitarajia. Wakanakili wapi hilo?

Kisha kuna ule mpira wa kurushiana. Mwalimu wa sayansi husema uandishi ni kazi ya mwenzake wa lugha, na wa lugha husema kutu na papa havimhusu. Kati yao mtoto hafundishwi na yeyote. Kaeni meza moja basi, hata mara moja kwa muhula, msahihishe kazi moja kwa kalamu mbili: mmoja aangalie kama ni kweli, mwingine kama inaeleweka.