Belle and Sebastian: kizuri kilijiuza kweli?

Mwaka 1999, kwenye tuzo za muziki za Uingereza ziitwazo Brit, jijini London, tuzo ya wasanii chipukizi ilichukuliwa na Belle and Sebastian, bendi ambayo watazamaji wengi wasingeitambua hata ingepita mbele yao. Steps, kundi la pop lililokuwa likipigwa redioni asubuhi hadi usiku, lilibwagwa. Mshindi alipatikana kwa kura za wasikilizaji, intaneti ikiwa mojawapo ya njia za kupigia kura, na haikuchukua muda kambi ya Steps ikaanza kulalamika kwamba kura zimechakachuliwa. Tuzo ikaenda kwao Glasgow, Scotland, hivyo hivyo. Na hao chipukizi wenyewe walikuwa tayari na albamu tatu.

Belle and Sebastian walikuwa wagumu kweli kweli wakati huo. Mahojiano hawatoi, picha hawapigi. Jarida likiomba picha ya bendi, linatumiwa ya rafiki yao. Shoo zilikuwa za kuhesabu, nyingine kwenye kumbi za kanisa na maktaba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na ungetafuta bendi ya kuithibitisha methali hiyo ungeishia kwa hawa. Ila baadaye nao wakaanza kujitembeza, na mashabiki wa zamani mpaka leo wanabishana: ni hapo walipochuja, au ni hapo walipopona?

Wanaosema walichuja wana ushahidi mzito. Albamu ya kwanza, Tigermilk, ilitoka 1996 kwa santuri 1,000 tu. Zilipoisha, watu wakawa wanarekodiana kwenye kaseti, na santuri yenyewe ikafika kuuzwa mamia ya pauni kabla ya kutolewa upya 1999. Miezi michache baada ya Tigermilk ikaja If You're Feeling Sinister, yenye jalada jekundu. Sauti ya Stuart Murdoch, mwimbaji na mtunzi wao mkuu, humo iko chini kiasi kwamba unajikuta unasogeza sikio kwenye spika. Gitaa linasita, ngoma zinapigwa kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, kisha tarumbeta inaingia peke yake na wimbo unasimama wima. Hakuna anayekuuzia kitu. Nyimbo zinasimulia wanafunzi wapweke, waumini wenye mashaka, watu wanaoshinda kwenye basi, na anayesimulia anaonekana kweli ametoka kwenye basi hilo.

Lakini ule ukimya watu wameufanya imani, wakati mwanzoni ulikuwa hali tu ya maisha. Murdoch alikuwa ametoka kwenye ugonjwa wa uchovu sugu uliomlaza miaka kama saba. Hakuwa na nguvu za kuzunguka nchi na gitaa. Aliishi juu ya ukumbi wa kanisa mtaa wa Hyndland, akiutunza. Yeye na Stuart David, mpiga gitaa la besi, walikutana Beatbox, mpango wa serikali wa kuwafundisha wanamuziki wasio na ajira. Tigermilk nayo ilitolewa na Electric Honey, lebo ya wanafunzi wa biashara ya muziki katika Chuo cha Stow, chini ya mwalimu wao Alan Rankine, aliyewahi kuvuma na bendi ya The Associates. Kawaida wanafunzi hao walitoa singo moja kwa mwaka. Murdoch alikuwa na nyimbo za kujaza albamu nzima. Lebo hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa Snow Patrol na Biffy Clyro walipokuwa hawajulikani. Kwa hiyo kizuri hakikujiuza. Kiliuzwa, na darasa zima la watu waliokuwa wanajifunza kuuza, kwa mfuko wa umma. Hapo kambi ya kwanza huwa inanyamaza.

Kambi ya pili, ya wanaosema walipona, inaanzia 2003. Stuart David alishaondoka mwaka 2000, Isobel Campbell na selo yake akaondoka 2002, na waliobaki wakahamia lebo ya Rough Trade na kumkabidhi kazi Trevor Horn, prodyuza aliyelifanya kundi la Frankie Goes to Hollywood livume. Mashabiki wa kaseti walishika vichwa. Albamu waliyofanya naye, Dear Catastrophe Waitress, ilipotoka ilikuwa na vyombo vilivyonyooka, sauti zilizopangwa na ucheshi usiojificha. Ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya Mercury 2004, tuzo ya albamu bora ya mwaka, ikashindwa na Franz Ferdinand, majirani zao wa Glasgow. Miaka miwili baadaye The Life Pursuit, iliyorekodiwa Los Angeles, ikaingia kumi bora Uingereza. Murdoch akawa anazungumza na watu jukwaani, anacheza, anawaita mashabiki wapande wacheze naye.

Mimi niko na kambi hii, na sababu yangu si chati. Aibu ya kijana wa miaka ishirini na kitu ni kitu cha kweli. Aibu hiyo hiyo kwa mtu wa miaka arobaini ni maigizo. Bendi iliyokuwa na Sarah Martin na Stevie Jackson, nao watunzi na waimbaji, isingeweza kuendelea kujifanya haijui kupiga. Anayetaka wangebaki walivyokuwa 1996 anamtaka Murdoch arudi kitandani.

Kitu kimoja tu ndicho kinachonisumbua. Murdoch hakuwahi kuridhika na jinsi Sinister ilivyorekodiwa, hivyo Septemba 2005 waliipiga yote jukwaani kwenye ukumbi wa Barbican, London, na rekodi ya usiku huo ikauzwa kuchangia waliokumbwa na tetemeko la ardhi huko Kashmir. Kila kitu ni bora humo. Ngoma zina kifua, fidla inasikika, mwimbaji anajua anakokwenda na anafika bila kuhema. Kama hoja yangu ni sahihi, hii ndiyo ingepaswa kuwa albamu yenyewe, na ile ya jalada jekundu ingebaki kuwa rasimu yake.

Ya Barbican nimeisikiliza mara mbili, tena ya pili ilikuwa kwa ajili ya kuandika haya. Ile nyekundu niliacha kuhesabu zamani.